Mhudumu akichoma sindano kwa kutumwa na muuguzi, kesi ni ya nani?

Mleta mada (muuguzi, Kigoma vijijini)

Wadau habari za jioni. Kuna jambo linatugawa huku, hasa kwenye vituo ambavyo zamu ya usiku ni muuguzi mmoja na mhudumu wa afya mmoja (msaidizi asiye muuguzi), tabibu yuko nyumbani kwake anasubiri kuitwa.

Chukulieni hivi. Saa nane usiku, leba kuna mama amefunguka sentimita tisa, yaani yuko karibu kujifungua. Wodini kuna mtoto wa kilo 10 mwenye malaria kali, alianzishiwa atesuneti (sindano ya malaria kali) saa nane mchana, kwa hiyo dozi ya pili ni sasa. Mhudumu amekuona ukichoma hiyo dawa mara nyingi na anasema anaiweza. Unamtuma?

Mimi nasema hapana. Apime joto, apime uzito, abadilishe mashuka, akae na mama, aniite haraka akiona degedege, hayo yote sawa. Dawa ya sindano siyo. Asiyeijua hii dawa anadhani kazi ni kuchoma tu, kumbe kazi iko kwenye kuchanganya. Kichupa kina unga wa miligramu 60. Unatia mililita 1 ya baikaboneti, unatikisa mpaka iwe angavu, halafu unaongeza salaini: mililita 5 kama unachoma kwenye mshipa, mililita 2 kama ni msuli. Mtoto huyu anahitaji miligramu 30, yaani mililita 3 za mshipa au 1.5 za msuli. Sasa mtu achanganye ya mshipa kisha avute kipimo cha msuli. Mtoto kapata nusu dozi, na ukiangalia bomba huoni kosa lolote. Asubuhi chati imeandikwa "amepewa", tena kwa sahihi yangu, maana mhudumu hasaini chati ya dawa.

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 inataka anayefanya kazi hii awe amesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga na awe na leseni. Mhudumu hana leseni ya kunyang'anywa. Mwenye nayo ni mimi.

Mhudumu wa afya, Uvinza

Dada, nakuheshimu, ila maneno yako matamu mchana. Usiku ni "we njoo hapa, mchome huyo, mimi niko bize". Nikikataa naambiwa mvivu, nafikishwa kwa mfawidhi, mkuu wa kituo. Nikikubali na mtoto akavimba paja, naulizwa nani alikutuma, na aliyenituma hakumbuki. Kijijini wote wananiita dokta, sijawahi kumsikia muuguzi akiwasahihisha. Kama hamtaki tuchome, msitutume. Kama mnataka, tufundisheni na muandike.

Mzazi, Kakonko

Mimi najali mwanangu tu. Kama anayejua yuko leba na asiyejua yuko karibu, bora aliye karibu. Mtoto wa malaria kali hasubiri mjadala wenu.

Mwanasheria, Tabora mjini

Nigusie upande wa kesi, maana watu wanachanganya mambo.

Kwanza, jinai. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inahesabu kuwa ni kosa kumtibu mtu au kumpa dawa kwa uzembe unaoweza kuhatarisha maisha. Haiulizi una leseni au huna, kwa hiyo mhudumu asidhani "nilitumwa" inamwosha. Muuguzi naye ataulizwa alivyoamua: alijua huyu hajafunzwa, akamtuma kwa misingi gani?

Pili, madai ya fidia. Hapo mwajiri anaingia, kwa sababu mfanyakazi aliyekosea akiwa kazini anamvuta mwajiri wake. Kwa vituo vya serikali vijijini mara nyingi hiyo ni halmashauri. Aliyepanga ratiba ya mtu mmoja kwa leba na wodi asijione yuko salama, ingawa najua kwenye barua za karipio jina linaloanza ni la muuguzi.

Mwanachuo wa uuguzi, Tabora

Wenzetu Marekani wana vigezo vitano kabla ya kukasimu kazi, yaani kumpa mwingine aifanye kwa niaba yako: kazi sahihi, mazingira sahihi, mtu sahihi, maelekezo sahihi na usimamizi sahihi. Uingereza nako, kanuni za baraza lao zinamtaka muuguzi awajibike kwa uamuzi wake wa kukasimu. Kwa nini sisi tusitumie vivyo hivyo?

Mleta mada

Mdogo wangu, kigezo cha tano kinanipa jibu papo hapo. Niko leba nimevaa glovu, namsimamia nani wodini?

Muuguzi mstaafu, Tabora

Wanangu hamjambo. Mimi nisingeapa kwamba kazi haikasimiwi ngazi ya chini. Nchi hii ilianza kufundisha madaktari wasaidizi mwaka 1963, na ndio waliokuwa wakiwapasua kina mama hospitali za wilaya wakati daktari kamili haonekani. Utafiti uliochapishwa 2009 uliangalia hospitali za Kigoma na Mwanza: upasuaji mwingi wa uzazi ulifanywa na wao, na matokeo hayakutofautiana kwa maana na ya madaktari. Lakini wale walisoma, wakapimwa, na waraka ukawatambua. Huyu mhudumu wa Uvinza anapewa kazi kwa mdomo usiku na kunyang'anywa kwa mdomo asubuhi. Yuko sahihi kulalamika, na mleta mada naona hukumjibu.

Sasa usiku wenyewe. Mama wa sentimita tisa ni mzao wa ngapi? Kama ni wa kwanza, sikiliza mapigo ya mtoto, mweke mhudumu kando yake amshike mkono na akupigie kelele akianza kusukuma, kisha nenda wodini uchanganye na uchome mwenyewe. Geuzeni nani anakaa wapi. Sisi tulifanya hivyo na hakuna aliyeitwa mvivu.

Mleta mada

Shikamoo mama. Kwa mhudumu, kweli sikumjibu: ana haki ya kukataa, na mfawidhi anayemwadhibu kwa hilo ndiye anayevunja utaratibu. Ila mama, akiwa mzao wa sita je? Huyo ukigeuka tu kichwa kimetoka.

Muuguzi mstaafu, Tabora

Marahaba. Wa sita hutoki leba. Mpigie tabibu, asipopokea mpigie mfawidhi, na saa ulizopiga ziandikwe kwenye daftari la ripoti. Dozi ikichelewa nusu saa, chati iseme imechelewa nusu saa, na iseme kwa nini.