Nimeuziwa mara tatu ili monita itoe sauti! Wauza elektroniki, mnauza msichokijua

Wakuu, salamu tutapeana baadaye. Leo nimekuja kutapika nyongo, mods mnivumilie.

Mwezi uliopita nilichukua monita ya mtumba, inchi 24, ya zile zinazoshushwa kutoka maofisini Ulaya. Kioo safi, hakina hata nukta. Haina spika, na hilo nililijua tangu mwanzo, sikuuziwa mbuzi kwenye gunia. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: PS4 Slim, gemu ya watoto, na king'amuzi vichomekwe pale, sauti iende kwenye sabufa yangu ya siku zote. TV iliyokufa ipumzike kwa amani.

King'amuzi hakikunisumbua. Nyuma kina matundu ya rangi, mekundu na meupe, nikaunga waya wa elfu tatu hadi kwenye sabufa, picha inapita waya wa HDMI, sauti inapita huku. Kazi ikawa PS4. Ile ya kwanza kabisa ya 2013 ilikuwa na tundu la optiki nyuma, la kutolea sauti kwa waya wa mwanga, lakini Slim ilipokuja 2016 Sony walilifuta. Sauti yote imefungwa ndani ya HDMI pamoja na picha. Njia ya dharura ni kuchomeka waya kwenye tundu la hedifoni la pedi ya kuchezea na kuupeleka kwenye sabufa. Nilifanya hivyo wiki mbili. Mtoto anacheza mpira amefungwa kama ndama, akifunga goli akaruka, sabufa inamfuata.

Nikaenda Kariakoo. Duka silitaji. Nikamweleza kijana wa kaunta kwa Kiswahili kilichonyooka: nina monita isiyo na spika, nina gemu, nataka picha iende kwenye monita kwa HDMI na sauti itoke pembeni niipeleke kwenye sabufa. Akaniambia, "Boss, hiyo ndogo sana," akanishushia kiboksi cheupe kimeandikwa HDMI2AV. Shilingi 25,000.

Nyumbani nakiangalia: HDMI inaingia upande mmoja, upande wa pili kuna matundu matatu, njano, nyekundu, nyeupe. Kutoka kwa HDMI hakuna! Kile kiboksi ni cha kupeleka picha kwenye TV za chogo. Sauti kweli niliipata, picha sina pa kuichomeka. Yaani nilikuwa na picha bila sauti, sasa nina sauti bila picha.

Nikarudi kesho yake. "Bidhaa ikishatoka dukani hairudishwi, boss, soma bango." Bango kweli lipo, kubwa kuliko jina la duka. Ila ananihurumia, ananiuzia "ile yenyewe", kwa 45,000. Ekstrakta, yaani kichomoa sauti. Hii kweli ina HDMI ya kuingia, HDMI ya kutoka, tundu la optiki, na tundu dogo la waya wa AUX, kama lile la hedifoni. Nikauliza, inahitaji umeme? Akasema inajitegemea, inakula moto wa HDMI.

Uongo mtupu. Kifaa kinachochezesha gemu kinatoa moto mdogo mno kwenye waya wa HDMI, ule ni wa kuamsha mawasiliano tu. Boksi lenyewe ubavuni limeandikwa DC 5V na kuna tundu la chaja. Kichwa cha chaja hakimo. Nikanunua kimoja hapa mtaani, 8,000, kikaja na mvumo wake. Sabufa ikaanza kunguruma kama friji ya baa. Nikahamishia chaja ya simu yangu, mvumo ukaisha.

Sasa sikilizeni utamu. Taa inawaka, picha safi kabisa kwenye monita, sauti hakuna. Kimya. Nikabadilisha waya, nikabadilisha sabufa, nikazima na kuwasha kila kitu kwa mpangilio kama mganga. Kimya. Nikabeba mzigo wote hadi dukani, mara ya tatu. Kijana wala hakuugusa. "Boss, monita yako ndiyo mbovu. Chukua hii yenye spika, nitakupunguzia." Mwenzake anacheka. Nilitoka pale natetemeka.

Usiku nikakaa na kile kikaratasi cha maelezo kilichokunjwa mara nane, herufi saizi ya mchwa, nusu Kichina. Ubavuni mwa boksi kuna kiswichi kidogo cha kusogeza kwa ukucha, kina nafasi tatu: PASS, 2CH, 5.1CH. Kilikuwa kwenye PASS. Nikakisogeza 2CH, nikazima PS4 na kuiwasha. Sabufa ikapiga mlio wa kuanza hadi watoto wakaamka.

Sababu yake ni hii, na ndiyo inayoniuma. Kila monita ina kitambulisho chake ndani, kinaitwa EDID. Ukichomeka HDMI, PS4 inakisoma kwanza: wewe nani, una ukubwa gani, unapokea sauti? Monita isiyo na spika inaweza kujibu kwamba sauti haipokei. PS4 nayo, kwa adabu zake, haitumi sauti kabisa. Kwenye PASS, boksi linapitisha jibu la monita kama lilivyo, kwa hiyo halina cha kuchomoa maana hakuna kilichotumwa. Ukiweka 2CH, boksi linajibu lenyewe: "Mimi napokea stirio." Sauti inakuja, boksi linaichomoa. 5.1CH ni ya mwenye risiva ya optiki. Ukiiweka hiyo huku unatumia waya wa AUX, unaweza kupata kimya kingine, au muziki bila sauti za watu.

Kiswichi cha ukucha! Mtu anauza vile viboksi kila siku na hajui kazi ya kiswichi kimoja, halafu ana ujasiri wa kuniambia monita yangu mbovu ili aniuzie nyingine.

Na lile bango lenu mlishushe. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, haijaanza jana. Mnunuzi akikueleza kazi anayotaka kuifanyia bidhaa, akategemea ujuzi wako wewe unayeuza vitu hivyo, bidhaa inatakiwa ifae kwa kazi hiyo. Nilieleza kwa mdomo wangu, mbele ya mwenzake. Risiti nilipewa ya mkono, ile ya EFD, mashine ya risiti za kodi, eti "mashine ina tatizo la mtandao", hata ekstrakta ilipouzwa siku nyingine mtandao ulikuwa bado unaumwa. Tume ya Ushindani ipo, nitapeleka vielelezo hivyohivyo vilivyo.

Kabla wajuaji hamjaanza: ndiyo, najua kuna monita zenye tundu la hedifoni nyuma, hizo zinachomoa sauti zenyewe, geuza uangalie kabla ya kutoa hela. Yangu haina. Ndiyo, najua TV mpya ingemaliza kesi. Sina hela ya TV mpya, ningekuwa nayo nisingekuwa hapa saa saba usiku.

Hesabu: 25,000, 45,000, 8,000, na nauli ya Tabata–Kariakoo mara tatu kwenda na kurudi. Ekstrakta ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza.

Kile cheupe cha HDMI2AV bado ninacho, kwenye boksi lake. Mwenye TV ya chogo aje PM, namwachia kwa 10,000. Aje na TV yake tujaribu kabla hajalipa. Na ukinirudishia nakipokea.