Amekata jina langu kwenye picha ya bosi, sasa anataka arudishiwe pesa!

KalamuKavu:
Wakuu, leo sisalimii mtu.

Yule mteja. Mnamjua, msijifanye. Yule wa "nifanyie bei ya urafiki, ofisini tuko mia tatu na wote watataka." Hakuna mchora katuni kuanzia Rongai hadi Githurai ambaye hajapigiwa simu naye. Amechukua SAMPULI ya katuni ya bosi wake, ile ya WhatsApp, salio hajalipa hata shilingi, akaipeleka kwa wachapaji wa River Road, Nairobi, ikachapwa kwa kanvasi ya A0, jina langu LIMEKATWA, ikatundikwa kwenye sherehe ya kumuaga bosi. Bosi akatokea na ukungu usoni. Sasa anadai malipo ya kwanza yarudi kwa sababu "kazi haikuwa kliya."

Namuuliza, na jina langu liko wapi? Ananijibu: "Kwani hiyo jina yako ilikuwa inafanya nini kwa picha ya bosi?"

INAFANYA NINI!

Hebu niweke hesabu hapa hata kama yeye hasomi. Picha ya kawaida ikipita WhatsApp hubanwa, upande mrefu unabaki kama pikseli 1600. A0 ina urefu wa milimita 1189, yaani inchi 46.8. Gawanya mwenyewe: pikseli 34 kwa inchi. Picha ya kushika mkononi inataka 300. Ya kutazamwa kutoka ng'ambo ya ukumbi, hata 100 itakubeba. Kwa 34, jicho la bosi limekuwa ukuta wa matofali, na mtu bado anashangaa. Faili halisi ya A3 ni pikseli 3508 kwa 4961, na hutumwa kama hati, si kama picha, BAADA ya salio. Na rangi hajaniuliza. Skrini huchanganya mwanga (RGB), printa huchanganya wino (CMYK), ile tai ya rangi ya chungwa ilitoka imefifia mpaka bosi akaonekana amefiwa.

Hayo yote nimeyameza. Lakini "hiyo jina yako ilikuwa inafanya nini"? Ilikuwa inanilisha! Mgeni akiipenda picha pale ukutani atampigia nani simu, bosi?

BintiWino:
Pole ndugu yangu. Lakini pikseli 1600 unampa za nini mtu ambaye hajalipa? Sampuli ni 800 basi, na jina linapita katikati ya uso, kutoka sikio hadi sikio, hafifu lakini lisifutike. Ukiliweka pembeni umemchorea mstari wa kukatia.

FundiFremu:
Msitulaumu watu wa River Road kwa kila kitu. Nyinyi mnachora kwa A3, fremu za dukani zinauzwa kwa inchi. Fremu ya 12 kwa 16 ina urefu wa milimita 406, A3 yako ina 420. Hizo 14 zinaenda wapi? Zinakatwa chini. Na chini ndiko nyote mnaweka sahihi, mnabanana na ukingo. Mkija na A2 kwa fremu ya 16 kwa 20 ndiyo balaa kabisa, hapo zinaondoka milimita 86, mtu anabaki bila tumbo. Uliza fremu kabla ya kuchora, au sogeza sahihi ndani sentimita tatu, iguse bega.

KalamuKavu:
Fundi, hii ilikuwa kanvasi, fremu hakuna! Amekata makusudi! Kisha ananiuliza lilikuwa linafanya nini!

MzeeWaBanda:
Tuwekee picha kwanza tuione. Huenda aliyekata jina alikuwa anakusitiri.

Tumbo_Moto:
😂😂😂 Mzee ana roho mbaya.

MzeeWaBanda:
Siku hizi kila mwenye tableti ni Gado wa katuni.

WakiliWaMtaa:
Nawaharibia sherehe kidogo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 31: kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo kwenye hakimiliki utabishana naye mpaka uchoke. Nguvu yako iko kifungu cha 32: haki ya kutambuliwa kuwa wewe ndiye mchoraji, na ya kupinga kazi yako ikiharibiwa kwa namna ya kukuvunjia heshima. Hizo hazihami hata hakimiliki ikihama. Wengine andikeni kwenye ankara mstari mmoja: "Hakimiliki inabaki kwa mchoraji mpaka salio lilipwe." Wewe mliandikiana?

KalamuKavu:
Nilimtumia masharti yote.

WakiliWaMtaa:
Akajibu nini?

KalamuKavu:
Gumba. 👍

WakiliWaMtaa:
Mungu akutangulie.

Kifutio:
Ficheni jina ndani ya mchoro. Al Hirschfeld wa Marekani alianza mwaka 1945 kuficha jina la bintiye, Nina, kwenye nywele na mikunjo ya nguo, na kando ya sahihi akawa anaweka namba ya kuonyesha limefichwa mara ngapi. Weka lako kwenye mkunjo wa tai. Atakata tai ya bosi?

MzeeWaBanda:
Huyo aliyeelezwa hapo juu atakata hata shingo.

SuraMoja:
Jina si kitu. Mimi hasira yangu ni kwa wateja wanaotuma selfi ya mkono uliokunjwa kisha wanalia pua ni kubwa. Simu ikiwa sentimita thelathini kutoka usoni, pua iko karibu na lenzi kuliko masikio, lazima ifure na masikio yajifiche. Mimi nachora nilichopewa, tena nakuza, ndiyo kazi yenyewe! Ombeni picha ya kupigwa na mtu mwingine, mita moja na nusu, mwanga wa dirishani kutoka upande mmoja, bila filta. Filta inafuta mikunjo ya macho, na mikunjo ndiyo mtu. Na muombe ya upande pia, kidevu hakionekani kwa mbele.

BintiWino:
Wangu alituma picha ya kitambulisho. Iliyopigwa akiwa na miaka kumi na minane. Sasa ni babu.

MkonoMwepesi:
Nyinyi wa nyumbani mnadeka. Njooni kwenye harusi. Wino mweusi peke yake ni dakika tano kwa uso, ukitia rangi ni nane hadi kumi. Saa mbili ni watu ishirini na wanne kama hukohoi. Mratibu ameshatangaza kwa maikrofoni kwamba wageni 150 watachorwa. Anakupa karatasi ya ofisini ya gramu 80, wino unapita mpaka mezani; bebeni zenu za gramu 160 kwenda juu. Halafu DJ anawasha taa nyekundu. Chini ya taa nyekundu mstari wa kalamu nyekundu hauonekani KABISA, unapaka midomo kwa kubahatisha, taa nyeupe ikirudi bibi arusi ana midomo mitatu. Beba taa yako ya kubana mezani, na chaja.

DJ_Wa_Kona:
Taa ni za mteja, mzee. Angalau nyinyi mnakaa. Na chakula mnapata.

MkonoMwepesi:
Chakula gani? Unafika kwa sufuria unaulizwa, "wewe ni wa upande wa bwana au wa bibi?" Ukisema mchoraji, kijiko kinarudi ndani.

LenziYaKale:
Sisi wa kamera tunapiga keki ikikatwa, ikilishwa, ikigawiwa. Kuonja, hakuna.

DJ_Wa_Kona:
Na emsii anakula meza kuu! Emsii!

KalamuKavu:
Jamani, tulikuwa tunazungumzia JINA LANGU.

Tumbo_Moto:
Jina utaandika lingine. Nyama ikiisha imeisha.

FundiFremu:
Kuna harusi moja nilipeleka ubao wa picha wa mlangoni, nikapewa wali mtupu na ndizi. Mchuzi nikaambiwa ni wa familia.

LenziYaKale:
Wali ulikuwa wa moto?

FundiFremu:
Ndizi ndiyo ilikuwa ya moto. Ilikuwa juani.

BintiWino:
Andikeni kwenye mkataba: sahani moja ya moto kwa kila mtoa huduma, KABLA ya hotuba. Mratibu akikataa, ongeza elfu moja kwenye ankara uiite usafiri.

MkonoMwepesi:
Na maji ya chupa, si ya jagi.

DJ_Wa_Kona:
Na pakingi! Mtu anakualika Karen, spika mbili za kilo arobaini, halafu askari wa geti anakuonyesha uegeshe kule barabarani. Nani mwingine amebeba spika kwenye nyasi zilizonyeshewa?