Tupeane uzoefu: mauthipisi ya tarumbeta, inayokufaa uliipataje?

Mpuliza wa Machame
Wadau, Jumapili baada ya ibada nimemwona kijana wa kikundi chetu anafuta damu mdomoni. Alama ya duara imembakia kama muhuri wa ofisi. Kuuliza, kumbe kapewa mauthipisi (kile kipande chenye kikombe tunachowekea mdomo) iliyokuwa imebaki kwenye boksi, hakuna aliyemtazama midomo. Nikakumbuka mbali. Wengi tuliokulia kwenye tarumbeta za KKKT tulianza hivyo hivyo: vyombo vimekuja kutoka Ujerumani, mauthipisi zimerundikwa pamoja, wa kwanza kufika anachagua, wa mwisho anaokota. Mimi nina midomo minene, nikaangukia yenye kikombe chembamba, na kwa muda mrefu mwalimu akawa ananiambia sina pumzi. Pumzi ninayo! Siku mstaafu mmoja wa bendi ya jeshi aliponiazima mauthipisi ya namba 3C, noti za juu zikatoka bila kukandamiza.
Semeni na ninyi: mlianza na ipi, sasa mnapiga na ipi, nani aliwashauri?

Alto Moshi
Boksi hilo nalijua. Hata usharikani kwetu lipo.

Mzee wa Paredi
Anayeanza apewe 7C, habari imeisha. Akikomaa apande 5C, halafu 3C, wachache wafike 1½C. Namba inavyopungua ndivyo kikombe kinavyopanuka. Vijana wanakimbilia namba za wakubwa, gwaride halijafika nusu midomo imelegea.

Tandika Matarumbeta
Shikamoo mzee. Hapo kwenye namba sikubaliani na wewe. Ninazo mbili mkononi sasa hivi, 11B4 na 14B4. Ya 14 ndiyo pana. Namba ikipanda, kikombe kinapanuka.

Mzee wa Paredi
Marahaba. Mimi nilifundishwa bendini na watu waliojua kazi. Wewe nani kakufundisha?

Tandika Matarumbeta
Mzee, heshima yako ipo palepale, ila chukua rula upime.

Fundi Pembe
Msigombane, wote mko sawa, kila mmoja anasema kampuni yake. Namba za mzee ni za Bach. Vincent Bach, Mwaustria aliyehamia Marekani na kuanza kutengeneza mauthipisi New York mwaka 1918, alipanga namba ishuke kadiri kikombe kinavyopanuka; na kwenye herufi, A ina kina kirefu, E ina kina kifupi. Yamaha wamepanga kinyume kwa yote mawili. Ndiyo maana 11B4 inakaribiana na 7C.
Halafu angalieni vipimo. 7C ina upana wa milimita 16.2, 3C ina 16.3. Tofauti ni sehemu ya kumi ya milimita! 1½C ndiyo inaruka mpaka 17. Kwa hiyo ndugu wa Machame, kama ulitoka kwenye 7C, kilichokufungulia sauti huenda ni ukingo na umbo la kikombe kuliko huo upana. Karakana kwangu mtu akija simwambii namba. Nampa apulize noti ndefu, ya chini, kwa sauti ndogo. Ikimkatikakatika, hiyo siyo yake, hata kama za juu zinamtoka. Na asiijaribu akiwa amepumzika tu. Airudie mwisho wa mazoezi, midomo imechoka.

Mpuliza wa Machame
Fundi, ubarikiwe. Ile ya kwanza haikuwa na namba kabisa, ilikuwa imefutika.

Dada Korneti, Nairobi
Kwetu Jeshi la Wokovu shida ilikuwa nyingine. Tunapiga korneti, ndugu mfupi wa tarumbeta, lakini mauthipisi zinapotea, basi mtu anachomeka ya tarumbeta. Mkia wa mauthipisi ya tarumbeta, ule unaoingia kwenye chombo, ni mnene, kwa korneti hauingii wote, sauti ya chombo inashuka. Nilikaa safu ya pili na jirani aliyekuwa hivyo, na kila wimbo bendimasta ananiangalia mimi! Alipoletewa namba 4 ya korneti yenyewe, kikombe kirefu, safu nzima ikatulia. Kabla hujauliza upana wa kikombe, uliza mkia.

Besi wa Mbeya
Kweli kabisa dada. Sisi tromboni ya mkia mnene tuliizungushia mauthipisi nyembamba karatasi ya daftari ili isicheze. Msibani, kaburini, ikaanza kulegea beti la pili. Familia inalia, sisi tunatafutana kwenye noti. Sitaki kukumbuka.

Mbezi Mwisho
Nimesoma hapa nikajikuta nagusa jino. Nawasimulia.
Tulikuwa tunapiga harusi, tumesimama nyuma ya pikapu, msafara unatoka kanisani kwenda ukumbini. Wanaojua kazi hii wanajua: bibi harusi yuko gari la nyuma, ndugu wanashangilia, huwezi kushusha chombo. Mimi niko mbele kabisa, nimeshika bodi kwa mkono mmoja. Dereva hakuliona tuta. Pikapu iliporuka, tarumbeta ilinirudi mdomoni yote. Nilisikia mlio kichwani kabla ya maumivu. Nusu ya jino la mbele ilibaki ndani ya kikombe. Wenzangu hawakujua, waliendelea kupiga, mpaka damu ilipofika kwenye shati jeupe la sare.
Jino lilijengwa. Lakini mauthipisi yangu ya zamani haikukaa tena. Ukingo wake ulikuwa mwembamba na mkali, ulikuwa unagonga pale pale palipojengwa. Kiongozi wa kikundi akanipa ngoma. Nililia nyumbani, nasema ukweli. Aliyeniokoa ni mpigaji baritoni, chombo kikubwa kuliko tarumbeta: akanipa chombo chake nijaribu, mauthipisi yake inakaribia milimita 25, ukingo ukapita mbali na lile jino. Nikapiga baritoni msimu mzima wa harusi. Midomo iliporudisha nguvu nikaanza kutafuta ya tarumbeta yenye ukingo wa mviringo na upana wa kutosha. 1½C ndiyo iliyonipokea. Za juu zimepungua, hilo nalikubali. Sauti ya kati sijawahi kuwa nayo nzuri kama sasa.

Alto Moshi
Pole sana kaka. Mwili umenisisimka.

Dada Korneti, Nairobi
Pole jamani! Na hao wa harusi walikulipia jino?

Tandika Matarumbeta
Sisi tulishakataa kupiga gari likiwa linatembea. Tunapiga kanisani, tunapiga ukumbini, njiani wapige honi.

Kigoma Pwani
Mtakosa kazi. Mteja analipia msafara.

Tandika Matarumbeta
Bora nikose kazi kuliko meno.

Mzee wa Paredi
Kijana wa Mbezi, pole mwanangu. Umefanya vizuri kutokata tamaa. Usikandamize hata kidogo. Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta wa Marekani aliyefika mpaka Kongo mwaka 1960, midomo yake ilimpasuka kwa kukandamiza kwenye noti za juu, akalazimika kupumzika. Na alikuwa Armstrong.

Kigoma Pwani
Mimi nasema kinyume: mauthipisi moja, usibadilishe mpaka unakufa. Mnaobadilisha kila mwezi mnatafuta kwenye chuma kitu kilichoko kwenye mazoezi.

Fundi Pembe
Kigoma, mwenye jino lililojengwa utamwambia hivyo? Ila kweli, usibadilishe kwa sababu jirani kabadilisha. Na kitu kingine: ikichakaa fedha ya juu mpaka shaba ionekane kwenye ukingo, mdomo ukianza kuwasha, ipelekwe ikapakwe upya au iachwe. Nimeona wengi wanadhani ni homa.

Mpuliza wa Machame
Fundi, swali la haraka. Ya yule kijana imekwama, haitoki. Mwenzetu anataka kuleta plaizi.

Fundi Pembe
Plaizi hapana! Itakunja bomba. Weka barafu ndani ya mauthipisi, bomba la nje lipashe kwa kitambaa cha maji ya moto, halafu zungusha kwa mkono taratibu. Ikikataa, subiri kifaa cha kuvutia. Na waambie waache kuigonga kwa kiganja, ndiko inakokwamia.

Mbezi Mwisho
Asanteni kwa pole. Dada, jino nililipia mwenyewe. Na mnaonifuata faragha kuulizia hiyo 1½C, siiuzi.