Nusu robo ni 0.125 au 0.012? Naomba msaada, binti yangu amelia

Muuza_viungo_Tandika

Habari zenu wana jukwaa. Nauza viungo hapa soko la Tandika, mwaka wa tisa sasa. Miaka yote nimepima kwa mizani ya mawe: jiwe la kilo, la nusu, la robo, na kile kijiwe cha nusu robo. Nukta sikuwahi kuihitaji. Mwezi uliopita nimenunua mizani ya kidijitali.

Jumamosi nilimwachia meza binti yangu wa darasa la sita, nikaenda kuswali. Akaja mteja anataka iliki nusu robo. Binti anajua robo ni 0.25, nilimwandikia kwenye boksi. Akawaza: nusu ya 25 ni kumi na mbili na nusu. Akamimina mpaka mizani ikasoma 0.012, akafunga, akapokea pesa ya nusu robo. Mteja alirudi na kifuko mkononi amefura, na haki alikuwa nayo: gramu 12 kwa bei ya gramu 125! Nilimjazia iliki yake, nikamwomba radhi. Binti alilia hadi jioni.

Nilipomwonyesha 0.125 akanikatalia: "Mama, 125 ni kubwa kuliko 25, itakuwaje nusu yake?" Nikakosa jibu. Mkono wangu unajua kuwa ni ndogo, kueleza ndiko kunanishinda.

Swali la pili ni langu mwenyewe. Pilipili manga nanunua Kariakoo kilo 16,000, nauza 20,000. Mwenzangu wa kikoba anasema faida yangu ni asilimia 20, mimi kila nikipiga napata 25. Nani kakosea?

Mwalimu_mstaafu

Pole mama, na mpe pole binti. Kugawanya hakukosea, nusu ya 25 aliipata vizuri. Kilichomponyoka ni jina la hizo 25. Baada ya nukta kila nafasi ina jina: ya kwanza sehemu za kumi, ya pili za mia, ya tatu za elfu. Kwa hiyo 0.25 ni sehemu 25 za mia, na 0.012 ni sehemu 12 za elfu. Aligawanya za mia, jibu akaliweka kwenye nyumba ya za elfu.

Fanya naye hivi. Asisome tena "nukta mbili tano". Ajaze sifuri mpaka tarakimu zifike tatu, kama mizani yako inavyofanya: 0.250. Kwenye kilo, hizo tatu ni gramu. Robo ni gramu 250, nusu yake 125, basi inaandikwa 0.125. Kisha mwandikie 0.5 na 0.125, umuulize ipi kubwa. Akishaigeuza 0.5 kuwa 0.500 atajijibu mwenyewe. Nimefundisha hisabati miaka mingi huku Temeke, na kosa hili nimelikuta hata kwa watoto wakali wa hesabu, kwa hiyo asijione mjinga hata kidogo.

Kutoka sehemu kwenda desimali ni kugawanya tu, kiasi (namba ya juu) kwa asili (namba ya chini). 3/8 ni 3 gawanya kwa 8, unapata 0.375, yaani robo na nusu robo juu yake. Mawe yako ya zamani yanathibitisha hilo mezani. Na asilimia, lisikilize neno lenyewe: asili, mia. Ukiulizwa robo ni asilimia ngapi, unaulizwa asili ikiwa 100, kiasi kitakuwa ngapi. 25.

Halafu mwambie nusu robo ina jina lake la zamani, thumuni, sehemu moja ya nane. Wazee wa Pwani watalikumbuka kwa ile sarafu ya senti 50.

Duka_la_daftari_Buguruni

Dada, hakuna aliyekosea. Faida ni 4,000. Wewe unaigawa kwa 16,000 ya kununulia, inakuwa robo, 25%. Mwenzako anaigawa kwa 20,000 ya kuuzia, inakuwa moja ya tano, 20%. Mtu akikutajia asilimia muulize kwanza: ya nini?

Mimi hili nililipia. Daftari la 1,000 nilipandisha 10%, wateja wakanuna, nikashusha 10% nikijua nimerudi pale pale. Kumbe 1,100 ukitoa 10% inabaki 990. Shilingi kumi kila daftari, msimu mzima wa kufungua shule.

Na kwenye risiti ni hivyo hivyo. Bei ya 59,000 yenye VAT ya 18% ndani yake, ukipiga 18% ya 59,000 unapata 10,620, na siyo sahihi. Bei kabla ya kodi ndiyo 100, kwa hiyo 59,000 ni 118. Gawanya kwa 118, zidisha kwa 18: VAT ni 9,000.

Muuza_viungo_Tandika

Mwalimu, shikamoo. Asante sana, na wewe kaka wa Buguruni asante, nimemwonyesha mwenzangu tukaelewana.

Binti ameandika sifuri zake kwenye boksi, leo amepima nusu robo nne bila mimi kumsimamia. Sasa kaja na jipya. Kina mama watatu walichanga wakanunua kilo ya binzari wagawane sawa. Kapiga kwenye simu 1 gawanya kwa 3, kapima 0.333 mara tatu, jumla 0.999. Ananiuliza gramu moja iko wapi.

Mwalimu_mstaafu

Marahaba mama. Gramu ilibaki kwenye sinia lako! Mizani ina nafasi tatu tu, na thuluthi haiishi: 0.333 inaendelea bila kikomo. Asili inayojengwa kwa kuzidisha 2 na 5 peke yake, kama 4, 8, 20, desimali yake hufika mwisho. Ukishakwisha kurahisisha sehemu na bado kuna 3 au 7 ndani ya asili, haifiki.

Mpe 1/7, agawanye kwa mkono, simu aiweke mbali. Aandike kila salio pembeni. Akifika tarakimu ya sita baada ya nukta, atazame salio lililobaki, halafu alilinganishe na namba aliyoanza nayo.