Ndege ya petroli cc 26: sevo zinatetemeka injini ikiwaka

MbawaNyegezi
Habari wakuu. Ndege ya modeli inayoongozwa kwa rimoti, mabawa mita 2, injini ya petroli cc 26, CDI (kisanduku cha umeme kinachotengeneza cheche), plagi NGK CM6. Redio ni ya FM, 72 MHz. Injini ikiwa imezimwa na antena ya rimoti imekunjwa, sevo (mota ndogo zinazosogeza usukani na kabureta) zinatii mpaka nikiwa hatua 35 kutoka kwenye ndege. Injini ikiwaka, hatua ya 10 tu zinaanza kutetemeka, na ukipandisha resi zinazidi. Betri ya risiva (kipokezi cha redio ndani ya ndege) ni NiMH ya kuchaji, seli 4, ya CDI iko peke yake. Uwanja ni wa wazi, mawe makubwa yako mbali. Nianzie wapi?

FundiKoili
Mkuu, vipimo vyako vimeshajibu nusu ya swali. Kutetemeka kunakofuata resi ni cheche hiyo. Kila cheche inarusha mawimbi ya redio, na 72 MHz inayapokea vizuri mno.

Tafuta yanapovujia. Mwaga mafuta yote, acha mvuke uishe. Fungua plagi, ibaki ndani ya kofia yake, mwili wake uguse chuma cha injini. Usiwashe CDI plagi ikiwa inaning'inia hewani, umeme utakosa njia na koili itaungua. Sasa chukua redio ndogo ya AM, iweke katikati ya stesheni mbili, zungusha propela kwa mkono huku msaidizi akiipitisha redio kando ya waya wa plagi. Utasikia "tik" kwa kila cheche. Inapolia kwa nguvu zaidi ndipo penye ugonjwa. Rudia usiku gizani: cheche ikionekana popote nje ya ncha za plagi, umeipata.

Mara nyingi ni kofia. Kwenye CM6 kuna pete ya springi ndani ya kofia ya chuma, inatakiwa ing'ate mwili wa plagi. Ikilegea, umeme unaruka kwenye uwazi huo na ule wavu wa waya unaofunika kebo haukingi kitu tena. Huku kwetu unyevu wa ziwa unautia wavu kutu ya kijani, kwa hiyo pima kwa multimita kutoka wavu hadi mwili wa injini: isizidi ohm 1. Kuzungushia foili juu ya kebo, kama wengi wanavyofanya, hakusaidii kama foili yenyewe haijaungwa na injini.

Resi_Ilemela
Naongeza plagi yenyewe. CM6 haina rizista (kizuizi cha umeme ndani ya plagi). Zenye herufi R kwenye namba, jamii ya CMR6, zinayo, kwa kawaida kilo-ohm 5, na zinapunguza kelele sana. Linganisha urefu wa nyuzi na ile ya zamani kabla hujaifunga, isije ikagonga pistoni. Pima kofia pia, nyingine zina rizista tayari. Nafasi ya cheche weka mm 0.4 hadi 0.5, fundi yeyote wa bodaboda ana fila geji. Ikiwa pana, CDI inalazimika kupandisha volti zaidi, na kelele inapanda nayo.

KijitiChaNailoni
Hamjagusa fimbo ya kabureta, ile inayotoka sevo kwenda kufungua kabureta! Kama ni ya chuma mpaka kwenye sevo, basi ni antena inayobeba kelele moja kwa moja hadi kwenye risiva. Weka ya nailoni. Chuma kinachosuguana na chuma penye mtetemo nacho kinatoa kelele, hata CDI ikiwa nzima.

Halafu mpangilio: CDI, betri yake na swichi yake vikae mbele, risiva, betri yake na sevo nyuma, sm 30 kati yao. Waya za pande mbili zisifungwe pamoja. Antena ya risiva, kama mita 1, inyooshwe hadi mkiani; usiikunje wala kuikata.

MbawaNyegezi
Asante sana wakuu. Fimbo ni ya chuma kweli, na sevo ya kabureta iko sm 12 tu kutoka CDI. Je, nikihamia redio ya 2.4 GHz yote haya yanaisha?

FundiKoili
Kelele ya cheche itapungua mno, ndiyo, na mimi ningehama. Lakini hapo adui ni volti. Seli 4 zilizochoka, sevo zote zikivuta pamoja, volti inashuka na risiva inajizima kisha inawaka upya ndege ikiwa hewani. Tumia seli 5 au betri ya lithiamu aina ya LiFe ya volti 6.6, kama sevo zako zinaruhusu. Ncha za antena, mm 31 zile zisizo na ganda la wavu, zikae pembe ya digrii 90 kati yao, na mbali na sehemu za nyuzi za kaboni.

Kwa sasa badilisha kitu kimoja kimoja, fimbo kwanza, na upime hatua kila mara. Ndege ifungwe, anayeishika akae nyuma ya propela, asisimame ubavuni mwake. Usiruke mpaka sevo zitii hadi karibu hatua zilezile 35 injini ikiwa resi ya juu.