Punje tano juu ya kitambaa

Kikundi cha familia, Bukavu. Jumatano jioni.

Mama: Habari za jioni, wanangu, pamoja nawe kaka. Muuzaji wa maharage ya mbegu aliniapia kwamba katika kila punje kumi, nane huota. Nimetandika punje tano juu ya kitambaa chenye maji kwa siku saba, na zimeota mbili tu. Kesho namrudishia gunia lake.

Furaha: Mama, subiri kidogo. Ulichokifanya ndicho mwalimu wetu wa takwimu anachokiita jaribio la binomia, nami kanuni yake nimeikariri bila kuielewa. Mjomba, ukipata nafasi, tusaidie.

Mjomba: Kanuni iweke kando kwanza, Furaha, kwa sababu wengi niliowafundisha waliikariri vizuri na bado wakaitumia mahali isipofaa. Binomia inataka mambo manne. Mama yako alitandika punje tano, idadi aliyoipanga kabla ya kuanza. Kila punje ina njia mbili tu, kuota au kutoota. Uwezekano wa kuota ni uleule kwa zote, yaani 0.8 tukimwamini muuzaji. Na punje moja ikiota, haiongezi wala haipunguzi uwezekano wa jirani yake. Hilo la mwisho ndilo gumu, nami nitalirudia.

Furaha: Basi mbili zilizoota ni 0.8 × 0.8, na tatu zilizokataa ni 0.2 × 0.2 × 0.2. Nikizidisha zote napata 0.00512, lakini kitabu kinatoa 0.0512. Hiyo mara kumi inatoka wapi?

Mjomba: Umehesabu mpangilio mmoja tu, kwa mfano punje ya kwanza na ya pili ziote, nyingine zikatae. Zipe punje namba, kisha andika kila jozi inayoweza kuota: 1 na 2, 1 na 3, 1 na 4, 1 na 5, 2 na 3, 2 na 4, 2 na 5, 3 na 4, 3 na 5, 4 na 5.

Furaha: Ni jozi kumi. Mwaka mzima nimekuwa nikibonyeza kitufe cha kalkuleta bila kujua kwamba kinahesabu jozi.

Yaya Baraka: Kwa hiyo muuzaji ni mwongo au si mwongo? Mama anangoja jibu, hangoji somo.

Mjomba: Tukijumlisha uwezekano wa kuota mbili, moja au kutoota hata moja, tunapata 0.058. Maana yake ni kwamba hata kama muuzaji amesema kweli, kati ya watu 100 watakaotandika punje tano kila mmoja, karibu 6 watapata mbili au pungufu. Mimi simshitaki mtu kwa hilo. Lakini dada, ukitandika punje 20 zikaota 8, ambayo ni asilimia 40 ileile, uwezekano unashuka hadi karibu 1 kati ya 10,000, na hapo gunia nitalibeba mimi mwenyewe.

Furaha: Nami nilidhani asilimia 80 ya tano ni nne, basi lazima ziote nne.

Mjomba: Nne ni wastani tu. Kuota nne kamili hutokea karibu mara 41 kati ya 100, na zote tano mara 33. Swali la kwamba majaribio mangapi yanatosha lilimshughulisha sana mwanahisabati Jacob Bernoulli wa Basel, huko Uswisi, ambaye kazi yake ilichapishwa mwaka 1713, miaka minane baada ya kifo chake. Sasa dada, punje hizo ulizichota wapi?

Mama: Chini kabisa, upande uliolalia sakafu, pale maji ya mvua yalipoingia stoo.

Mjomba: Basi hesabu yangu nayo imelowa. Unyevu mmoja ukiziozesha punje zote pamoja, hakuna tena punje inayojitegemea, na binomia haihusiki. Mwaga gunia juu ya turubai, changanya, kisha uchote punje 20 kwa jumla, kutoka pande zote.

*Alhamisi ya wiki iliyofuata.*

Mama: Nimechanganya kama ulivyosema. Zimeota 13.

Furaha: Uwezekano wa kupata 13 au pungufu, kama kweli ni nane kwa kumi, ni 0.087. Inatia shaka, lakini haitoshi kumwita mtu mwongo.

Mama: Gunia linabaki. Nitaweka punje mbili katika kila shimo, kama bibi yenu alivyonifundisha.

Furaha: Tukichukua 13 kwa 20, yaani 0.65, shimo kubaki tupu ni 0.35 × 0.35, karibu 0.12. Mama, mashimo 88 kati ya 100 yatakuwa na mche!

Mama: Na kuku wa jirani akifukua shimo, binti yangu, atakula punje moja akaacha ya pili?