Naomba ushauri: mazoezi ya viungo karibu na Kayole, Nairobi

Wazazi wenzangu, hamjambo. Kijana wangu ana miaka 3, ana mtindio wa ubongo (cerebral palsy), yaani ubongo hauongozi misuli vizuri. Kliniki yake iko ng'ambo ya mji: matatu mbili kwenda, mbili kurudi, na mgongoni amekuwa mzito. Mwezi uliopita tulikosa siku mbili kwa kukosa nauli. Misuli isiponyooshwa hukaza, nimeiona kwa macho yangu: visigino havigusi tena sakafu. Nyumbani namkalisha ndani ya beseni, nimemzungushia leso, na juzi alishika kijiko mwenyewe. Nililia, jamani, ingawa uji wote uliishia shingoni. Nani anajua kituo cha karibu, au fundi wa kiti cha kumkalisha wima? Na kumsajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, mlianzia wapi?